Macho Manne Nyikani: Kisa cha Roosevelt na Bunduki Zake, 1909

Wanaokuja kwangu kupimwa macho kwa ajili ya bunduki si wengi, labda mmoja katika miezi miwili, lakini wote huingia na lalamiko moja: "Daktari, ile ncha ya mbele siioni tena." (Mimi si daktari, ni mpima macho. Nimechoka kusahihisha.) Anayesema hivyo huwa askari wa wanyamapori aliyebakiza miaka michache astaafu, au mzee mwenye leseni anayelinda mifugo yake, au mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha ambaye alama zake zimeanza kushuka na bado anamshuku fundi wa bunduki. Kila mmoja anadhani yamemkuta yeye peke yake. Hapo humsimulia habari za mtu ambaye sikumpima na singeweza kumpima, maana alifariki mwaka 1919. Jalada lake hata hivyo liko wazi kuliko la mteja wangu yeyote, kwa kuwa alilijaza kwa mkono wake. Ni Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa Marekani, aliyeshuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 akiwa na macho mabovu, bunduki nzuri na hamu ya kuwinda isiyopimika.

Siasa zake, na ukoloni uliomfungulia njia kutoka Kilindini hadi mto Nile, zina waandishi wake. Mimi nataka kujua jambo moja tu: mtu asiyeona mbali, mwenye jicho moja lililofifia, aliyefikisha miaka 50, alipigaje wanyama 296 kati ya 512 walioorodheshwa kwa jina lake na la mwanawe Kermit? Na pale aliposhindwa, nini hasa kilimshinda?

Jalada lenyewe

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858. Alipokuwa na miaka kama 13 alipata bunduki yake ya kwanza, ya Kifaransa, yenye mitutu miwili. Aliisifu baadaye kwamba ilimfaa mtoto msahaulifu, kwa kuwa hata ikishika kutu ungeweza kuifungua kwa kuigonga na tofali isiharibike sana. Kilichomshangaza ni kwamba wenzake walikuwa wakiona vitu vya kupiga, yeye haoni kitu. Siku moja wakasoma kwa sauti tangazo la herufi kubwa lililokuwa kwenye ubao wa mbali. Kusoma hakuweza, lakini hilo lilikuwa dogo. Hakuona hata kwamba pale pana herufi. Akamweleza babake, na muda si mrefu akavalishwa miwani. Anasema ilimfungulia dunia mpya kabisa.

Nimesikia hadithi hiyo kwa midomo mingine mara nyingi. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni mbali, anadhani dunia ndivyo ilivyo. Wengi hugunduliwa kwa ubao wa darasani, yeye aligunduliwa kwa bunduki. Na ni kipimo kikali kuliko ubao, kwa sababu ubao unaweza kumnong'oneza jirani akusomee, ila ndege juu ya mti hakuna wa kukuonea ukampiga wewe. Au ndivyo ninavyodhani kila mara, kabla sijakumbuka yaliyotokea Ukambani, nitakayoyafikia.

Akiwa kijana huko Dakota walimwita "macho manne" kwa dharau. Alipokwenda vitani Cuba mwaka 1898 alijaza miwani ya akiba kwenye nguo na kofia, kwa hofu ya kubaki kipofu katikati ya mapigano. Tabia hiyo haikumwacha. Tarehe 14 Oktoba 1912, mtu mmoja alipompiga risasi mjini Milwaukee, risasi ilipita kwenye hotuba nene iliyokunjwa na kwenye kasha la chuma la miwani kabla ya kuingia kifuani, na vitu hivyo viwili viliipunguza nguvu.

Halafu kuna jicho la kushoto. Alipokuwa Ikulu alipenda ngumi, na ofisa mmoja kijana wa jeshi aliyekuwa akicheza naye alimpiga konde lililopasua mishipa midogo ya damu ndani ya jicho. Uoni wake ukafifia na haukurudi. Akaandika kwamba ni bahati lilikuwa la kushoto, maana lingekuwa la kulia asingeweza kupiga bunduki kabisa. Sentensi hiyo nina ugomvi nayo, nitairudia.

La tatu hakulilalamikia sana, ila halimkosi mtu: umri. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi iliyomo ndani ya jicho huanza kukakamaa. Kijana wa miaka 20 ana uwezo wa kusogeza uoni wake karibu kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) kama 10. Akifika 50 amebakiwa na kama 2, na hizo 2 hawezi kuzitumia zote kwa raha, kama usivyoweza kubeba mzigo wako wa mwisho wa nguvu kutwa nzima. Roosevelt alitimiza 51 akiwa porini.

Umbali tatu, jicho moja

Ukitaka kuelewa shida yake, chukua fimbo ndefu uishike kama bunduki, shavu likilala juu yake. Kwenye bunduki ya zamani kuna pengo dogo la nyuma, ambalo kwa bunduki nyingi za enzi zile lilikaa juu ya mtutu, yapata sentimita 30 hadi 40 kutoka jichoni. Kuna ncha au shanga ya mbele, sentimita 90 au zaidi kidogo. Kisha kuna kongoni, mita 200. Unatakiwa kuvipanga vitatu hivyo kwa mstari, na jicho la binadamu huona vizuri kitu cha umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kijana hajui hilo kwa sababu jicho lake linaruka haraka kutoka kimoja hadi kingine kiasi kwamba anadhani anaona vyote pamoja. Mzee hushangaa siku anapogundua kwamba kuna kuruka.

Lipi liachwe liwe na ukungu? Wateja wangu wengi hujibu "ncha", kwa sababu mnyama ndiye wa thamani. Wanakosea, na hesabu yake ni fupi. Tuseme kati ya pengo la nyuma na ncha ya mbele kuna sentimita 60. Ukiikosea ncha kwa milimita moja tu isikae katikati ya pengo, kwenye umbali wa mita 200 risasi itapita sentimita 33 pembeni. Kongoni umemkosa, au, vibaya zaidi, umempiga tumboni. Shabaha yenye ukungu haina madhara makubwa hivyo, kwa kuwa jicho linajua kutafuta katikati ya kitu chenye ukungu. Ndiyo maana mwalimu yeyote wa shabaha atakufokea uangalie ncha.

Sasa mvalishe huyo mpigaji miwani ya mtu asiyeona mbali, iliyopimwa sawasawa kwa ajili ya mbali. Miwani hiyo inapeleka macho yake yaliyopumzika hadi upeo wa macho. Kuirudisha kwenye ncha lazima afanye kazi, na akiwa na miaka 50 kazi hiyo inachosha. Kwa hiyo miwani iliyompa dunia mpya akiwa na miaka 13 ndiyo hiyo hiyo iliyomnyima ncha akiwa mtu mzima. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema "miwani hainisaidii kwenye bunduki", wakaivua, wakaanza kupiga vivuli.

Kuna mambo mawili ya lenzi kali ambayo ni nadra kuyasikia yakisemwa. Chukua lenzi ya dayopta –8 ya mtu asiyeona mbali, kwa mfano, inayokaa milimita 12 mbele ya jicho. Kwanza, inapunguza ukubwa wa picha kwa karibu asilimia 9. Swala aliye mbali, ambaye tayari ni kitone, anakuwa kitone kidogo zaidi. Pili, na hili linafurahisha, lenzi hiyo ikiteleza puani kwa jasho milimita 5 tu, nguvu yake inapungua kwa karibu robo ya dayopta, na uoni unasogea upande wa ncha. Umewahi kuona mzee mwenye vioo vinene akishusha miwani yake hadi ncha ya pua asome ujumbe wa simu? Ni fizikia hiyo hiyo. Sishangai mtu akiniambia kwamba siku za joto anapiga vizuri zaidi.

Na kabla hujaniuliza: miwani haipindishi risasi. Ni kweli kwamba ukilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, jicho huangalia kupitia kona ya juu ya lenzi upande wa pua, na kwamba lenzi kali huihamisha picha ukiangalia nje ya katikati yake. Lakini inaihamisha ncha na shabaha pamoja, kwa hiyo mstari unabaki mstari. Unachopoteza kwenye kona ile ni ukali wa picha. Kingo zinavutika, rangi zinajitenga kidogo. Dawa yake ni fundi wa miwani kukukatia lenzi ambayo katikati yake imekaa pale jicho linapopita ukiwa umeshika bunduki, wala si unapotazama kioo cha saluni.

Kapiti: risasi nyingi, mbali

Kutoka Mombasa Roosevelt alipanda reli, akikaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili aone nchi, akateremka stesheni ya Kapiti. Huko alipokelewa na Sir Alfred Pease, mwenye shamba la Kitanga, karibu na Machakos. Nyika ya Kapiti ni tupu. Nyumbu na swala wanakuona unaposhuka farasi, hawakusubiri. Ukitaka nyama, unapiga kwa mbali.

Hapo ndipo macho yake yalipomtoza kodi. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujisifu kwa shabaha. Tangu enzi za Dakota alikuwa akikiri kwamba ni mpigaji wa kawaida tu, macho mabaya na mkono usiotulia sana, na kwamba kilichomsaidia ni ung'ang'anizi. Katika kitabu chake cha safari hii anataja umbali, anataja kukosa, na hafichi kwamba alitumia risasi nyingi. Ninamheshimu kwa ukweli huo, kwa sababu wawindaji wa zama zake wengi waliandika kana kwamba kila risasi ilikuwa na anwani.

Lakini heshima hiyo ina mpaka. Ukijua kwamba jicho lako haliwezi kuishika ncha na mnyama wa mbali kwa pamoja, kuongeza risasi hakuwi kulenga tena, kunakuwa bahati nasibu inayolipwa na mnyama aliyevunjika mguu. Alikuwa akiwafuata majeruhi, ni kweli. Lakini kama angekuwa mbele yangu kwenye kiti ningemwambia waziwazi: bwana, macho haya ni ya mita mia moja, si ya mia tatu. Nyika ikiwa tupu, tambaa kwa magoti, au rudi bila nyama.

Bunduki mbili alizozitumia sana huko zilikuwa Springfield ya jeshi iliyochongewa kitako cha kuwindia, na Winchester ya 1895 ya .405, ile aliyoiita dawa ya simba. Hazikuwa na darubini ya kulengea. Darubini zilikuwepo tayari, na jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa limepokea moja ya mfano wa 1908, lakini wawindaji wengi waliziona ni vyombo dhaifu vya maabara. Kwa macho kama yake ndiyo ingekuwa tiba kamili, kwa sababu moja: darubini huweka alama ya kulengea na mnyama kwenye umbali mmoja wa uoni. Hakuna tena kuruka. Mpigaji wa miaka 70 na wa miaka 20 wanaona kitu kile kile.

Simba kwenye manyasi

Siku za mwanzo alipokwenda kutafuta simba na Pease, walifika penye bonde lenye vichaka na manyasi. Wenzake wakamwonyesha: pale. Yeye akakodoa macho, ikamchukua sekunde kadhaa kutenganisha rangi ya manjano iliyofifia na manyasi yenyewe. Akafyatua. Wakatoka watoto wawili wa simba, wakubwa kama mbwa wa kulinda nyumba, wamejeruhiwa vibaya, ikabidi wamaliziwe.

Mtu mwenye macho mazima naye angeweza kukosea hapo. Simba katika manyasi makavu amewadanganya wengi. Lakini ndipo kisa hiki kinapogawanyika, nami ndipo ninapowasimamisha wateja wangu. Kazi ya jicho kwenye bunduki ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutambua: ni nini kile, ni dume au jike, ni mtoto au mzima, kuna nini nyuma yake. Ya pili ni kulenga. Kulenga unahitaji kuona vizuri kitu kilicho chini ya mita moja kutoka usoni. Kutambua unahitaji kuona vizuri kitu kilicho mbali. Miwani moja haifanyi kazi zote mbili kwa mtu wa miaka 50, na anayejidanganya kwamba inafanya ndiye anayempiga ng'ombe wa jirani usiku.

Muda mfupi baadaye alimpata simba dume asiye na manyoya mengi shingoni, akikimbia, umbali wa futi 30 hivi. Hapo hapakuwa na shida. Winchester ilimwangusha. Futi 30, mnyama mkubwa, mstari wa karibu: ukungu wa ncha haukuwa na la kufanya.

Macho ya kuazima

Aliwindaje basi kutwa nzima bila kuona? Aliazima macho. Alikuwa na R. J. Cuninghame na Leslie Tarlton, wawindaji wa kazi, na alikuwa na washika bunduki wake wawili, Muhamed na Bakari. Wapagazi, ambao walizidi 200, walimwita bwana mkubwa, jina ambalo yeye aliandika "Bwana Makuba", kwa hiyo masikio nayo yangefaa kupimwa. Nyuma ya mgongo wake, kwa tumbo lile, wakamwita Bwana Tumbo.

Kifaru wake wa kwanza, karibu na Kilimakiu, hakumwona yeye. Aliyemwona ni Mkamba mmoja aliyekuja mbio kuwaambia kwamba kuna kifaru kwenye mteremko wa kilima. Waliongozwa hadi pale, wakanyemelea. Roosevelt akapiga kwa Holland & Holland, bunduki nzito ya mitutu miwili aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Kifaru akainuka akaja. Akapigwa tena, akaanguka akilima ardhi kwa pembe, hatua 13 kutoka waliposimama.

Soma kisa hicho kama mpima macho. Kutambua kulifanywa na Mkamba ambaye jina lake halikuandikwa. Kulenga kulifanywa karibu, kwa bunduki ambayo kwa aina yake huwa na pengo pana la nyuma, bapa kama sahani, na shanga nene ya mbele. Pengo pana halihitaji jicho kali. Shanga inakaa ndani yake kama yai kwenye bakuli, na hata ikiwa na ukungu unaiona iko katikati au haiko. Huwezi kupiga swala wa mita 250 nayo kwa uhakika, lakini kwa kifaru wa mita 30 inashinda kitu chochote chenye mstari mwembamba. Waliotengeneza bunduki hizo huenda waliwaza mwanga hafifu wa msituni na haraka ya hatari. Bila kukusudia wakawatengenezea pia wazee.

Msituni kwenye Mlima Kenya ilikuwa hivyo hivyo. Ndovu wake wa kwanza alikuwa dume, yadi 30 hivi, kichwa kikionekana kati ya majani. Risasi ya mtutu wa kulia ikamyumbisha, ya kushoto ikamlaza. Pembe zake mbili zilikuwa na uzito wa ratili 130. Na kabla hajaweka risasi nyingine, vichaka vya pembeni vikafunguka, ndovu mwingine akapita karibu sana, kiasi kwamba angeweza kumgusa kwa mkonga. Roosevelt akaruka nyuma ya mti huku akifungua bunduki tupu. Cuninghame alimfyatulia yule ndovu mara mbili akageuka akaenda zake.

Hapo nalifikiria lile jicho la kushoto. Watu hudhani hasara ya jicho moja ni kushindwa kukadiria umbali. Kwa mita 200 macho mawili hayakusaidii hilo hata kidogo, unakadiria kwa ukubwa wa mnyama na kwa ardhi iliyo kati yenu. Hasara halisi ni ubavu. Anayekuja kutoka upande ule anakukuta. Mtu wa hali hiyo porini anahitaji mwenzake asimame upande wa jicho bovu, kila siku, bila kukumbushwa.

Ugomvi wangu na sentensi yake

Alisema kama lingeharibika jicho la kulia asingeweza kupiga kabisa. Nadhani alikosea. Kwa mtu anayeweka bunduki bega la kulia, jicho la kulia ndilo linalolenga, na kulipoteza ni pigo. Lakini mwili unajifunza. Bunduki inahamishwa bega la kushoto. Miezi ya kwanza unajiona mjinga, unapepesa macho, kidole hakijui kazi yake. Winchester yake ya 1895, inayojazwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, haijali bega gani. Springfield ingemsumbua zaidi, kwa kuwa komeo lake, la kuingizia risasi, liko kulia. Na mafundi wa bunduki wa Uingereza walikuwa wakijua kuchonga vitako vilivyopindwa, bega la kulia jicho la kushoto, kwa wateja waliopotewa na jicho. Mtu aliyeng'ang'ania kama yeye angejifunza.

Kinyume chake, jicho lake la kushoto lililofifia lilimwondolea tatizo ambalo wengi wenye macho mawili mazima wanalo bila kujua: jicho linaloongoza, lile ambalo ubongo hulifuata, kuwa upande usio wa bega la bunduki. Nyosha mikono mbele, ziba kwa viganja ubaki na tundu dogo, tazama kupitia humo kitu kilicho mbali kama taa ya barabarani. Funga jicho moja, kisha jingine. Jicho ambalo likiwa wazi bado unaona taa ndilo linaloongoza. Nimekutana na askari aliyepiga kwa bega la kulia miaka 20 na jicho linaloongoza likiwa la kushoto, akipeleka risasi pembeni na kulaumiwa uzembe.

Kwa anayedhani umri na miwani ni mwisho wa mambo, tazama michezo ya Olimpiki ya Paris ya 2024. Yusuf Dikeç wa Uturuki, miaka 51, alisimama na miwani ya kawaida ya kila siku, macho yote mawili wazi, mkono mmoja mfukoni, akachukua fedha katika bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu mchanganyiko. Watu walicheka picha ile kana kwamba ni mtu aliyepita njiani akaombwa kupiga. Mimi niliiangalia miwani.

Kama angekaa kwenye kiti changu

Ningemwambia aje na Springfield, bila risasi, komeo limetolewa. Angeiweka begani kama anavyoiweka porini, kofia kichwani, kwa sababu kofia pana huinamisha kichwa. Ningepima kwa futi ya fundi cherehani kutoka pembeni mwa jicho hadi ncha ya mbele. Nisingempa namba yake kamili ya mbali. Jicho la kulia ningeliongezea +0.50, labda +0.75. Kwa nyongeza hiyo uoni uliopumzika unakaa kati ya mita 2 na mita 1.3 badala ya upeo wa macho, ncha inakuwa kali bila kukaza misuli sana, na kongoni anakuwa na ukungu mdogo unaovumilika. Ingekuwa miwani ya bunduki tu. Ya kutambulia ni nyingine, yenye namba kamili, pamoja na darubini ya macho mawili shingoni.

Juu ya lenzi ya bunduki ningebandika kipande cha utepe mweusi chenye tundu la milimita moja na nusu, pale jicho linapopita. Tundu dogo hupunguza ukungu wa kila umbali kwa wakati mmoja, na ni tiba ya shilingi chache. Wateja hawaamini mpaka wajaribu. Ila linameza mwanga, kwa hiyo alfajiri na magharibi, saa ambazo simba hutembea, alibandue.

Aprili ni masika, na miwani iliyolowa ni dirisha la basi lenye mvua. Kwa hiyo kofia yenye ukingo, kitambaa kikavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kamba nyuma ya masikio. Muhamed atembee kushoto kwake. Na ile miwani ya akiba asikae nayo yeye. Akabidhiwe Bakari, kwa sababu ya kwanza ikidondoka kwenye manyasi, Roosevelt ndiye mtu wa mwisho katika msafara ule anayeweza kuitafuta.